Wenyeji wa Mgongo na Wageni Wao

(Mazungumzo ya asubuhi redioni)

Tunazungumza nanyi kutoka Milimani, Nakuru, mahali ambapo mteremko wa Menengai unaliangalia ziwa. Ninyi mlioko jikoni mkichochea moto, ninyi mlioko njiani kwenda kazini, na ninyi mliolala kwa sababu ya ugonjwa, nyote karibuni. Asubuhi ya leo tutazungumza juu ya mgongo na shingo.

Kwanza tunawaomba mfanye jambo dogo. Kama mikono yako haina kazi kwa sasa, weka vidole vyako nyuma ya shingo, juu kabisa, chini ya mfupa wa kisogo. Bonyeza kidogo tu. Sasa fumba macho, na bila kugeuza kichwa, peleka macho kulia, kisha kushoto. Wengi wenu mtasikia kitu kikicheza chini ya vidole, kidogo sana, kama mtoto anayejigeuza usingizini. Kichwa hakikugeuka. Ulipeleka macho tu, na tayari misuli ile ilikuwa imejiweka sawa kwa kazi.

Hiyo ndiyo misuli tunayotaka kuisema leo. Hakuna anayeisifu. Kijana akivua shati tunamsifu kwa mabega na mikono, wala hatusemi, tazameni jinsi misuli yake ya kisogoni ilivyo imara. Lakini bila hiyo, kijana yule asingeweza kukiinua kichwa chake atutazame.

Basi tuanze na mifupa. Uti wa mgongo umejengwa kwa pingili 33 hivi. Saba ni za shingo, 12 ni za kifua, nazo zimeshikana na mbavu, na tano ni za kiuno. Kisha ziko tano zilizoungana kuwa mfupa mmoja katikati ya nyonga, na mwisho vijifupa vinne hivi vya kifandugu. Twiga tunaowaona katika Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru, pamoja na urefu wote ule wa shingo, nao wana pingili saba za shingo, sawa na sisi. Mungu hakumwongezea twiga hesabu ya mifupa. Kila mfupa aliurefusha.

Pingili ya kwanza ya shingo huitwa atlasi. Ni kama pete, na kichwa kimekaa juu yake. Wataalamu waliipa jina hilo kutokana na hadithi za Wayunani juu ya Atlas, ambaye walisema alizibeba mbingu mabegani. Pingili ya pili huitwa aksisi, nayo ina kijijino kinachochomoza juu na kuingia ndani ya ile pete. Tunapotikisa kichwa kusema ndiyo, kichwa huinama na kuinuka zaidi juu ya atlasi. Tunapokataa, atlasi pamoja na kichwa huzunguka kile kijijino cha aksisi. Basi ndiyo yetu na hapana yetu zinakaa kwenye mifupa miwili midogo, iliyopandana, tena inayoshikwa na misuli ile ile.

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo nne hadi tano, yaani pakiti mbili za unga au zaidi. Tena uzito huo haukukaa sawasawa juu ya uti. Umeelemea mbele kidogo. Misuli ya nyuma ya shingo ikilegea, kidevu huanguka kifuani. Mnaosafiri kwa matatu alfajiri mmewaona watu wakisinzia, na hata kanisani wakati wa mahubiri tumewaona. Kumbe wakati wote mtu anapokuwa macho, kuna wafanyakazi nyuma ya shingo wanaovuta kamba ili kichwa kisidondoke, wala yeye mwenyewe hana habari nao.

Sasa tutazame jinsi misuli ya mgongo ilivyopangwa. Imelala kwa tabaka, kama blanketi zilizotandikwa moja juu ya nyingine. Juu kabisa iko misuli mipana, ile inayoonekana kwa mtu anayelima bila shati. Mmoja hutanda kutoka kisogoni hadi mabegani na kushuka katikati ya mgongo. Mwingine hutanda kutoka kiunoni na kupanda mpaka kwapani. Kazi yake ni ya mabega na mikono: kuinua, kuvuta, kupiga jembe, kukumbatia.

Chini ya hiyo iko misuli mirefu, imesimama kama nguzo kila upande wa uti, kutoka nyonga mpaka kichwani. Hii ndiyo inayotuinua tukiisha kuinama shambani. Chini yake tena iko misuli mifupi inayopita pingili mbili au tatu au nne tu. Mmoja wa hiyo huitwa multifidusi, na tutaurudia baadaye. Na juu kabisa, chini ya kisogo, ndani kuliko yote, iko ile misuli midogo uliyoigusa kwa vidole vyako: minne kulia na minne kushoto. Imejaa vyombo vidogo vya kupima mvutano, ambavyo huuarifu ubongo kila wakati kwamba kichwa kimeelekea wapi. Misuli hiyo hushika, tena huleta habari.

Misuli haiwezi kitu bila neva, yaani mishipa ya fahamu. Kutoka katika ugwe uliomo ndani ya uti wa mgongo hutoka neva jozi 31. Kila neva ikiisha kutoka hugawanyika matawi mawili. La mbele huenda kwenye kifua na tumbo, na kwenye mikono na miguu. La nyuma hurudi mgongoni, likaihudumia misuli ya ndani na ngozi iliyo juu yake. Neva ya kwanza ya shingo hupita kati ya fuvu na atlasi. Tawi lake la nyuma huipa nguvu ile misuli midogo ya kisogoni, na kwa kawaida halina hata kipande cha ngozi cha kwake. Hufanya kazi yake yote gizani. Tawi la nyuma la neva ya pili hupita chini ya misuli hiyo, likatoboa msuli mnene ulio juu yake, likapanda nyuma ya kichwa mpaka utosini. Ninyi ambao kichwa huwauma kuanzia kisogoni na maumivu yakapanda juu, huenda mmekwisha kuijua njia yake bila kufundishwa na mtu.

Sasa, ndugu msikilizaji, sikiliza jambo hili kwa makini. Ile misuli mipana ya juu, iliyolala mgongoni, hupata neva zake wapi? Ungedhani ni kutoka matawi ya nyuma, kwa kuwa iko mgongoni. Sivyo. Ule unaopanda kutoka kiunoni hadi kwapani hupata neva yake kutoka matawi ya mbele, kama misuli ya mkono. Ule wa mabegani huongozwa na neva ya kumi na moja ya kichwa. Sababu ni kwamba mtoto alipokuwa akiumbwa tumboni mwa mama yake, misuli hiyo haikuanzia mgongoni. Ilianzia kwingine, mmoja upande wa mkono na mmoja upande wa shingo, ikahamia, ikatanda juu ya mgongo, ikashikamana na mifupa yake. Ndiyo maana wataalamu huigawa misuli ya mgongo makundi mawili. Iko ya ndani, ambayo ni wenyeji wa mgongo, na iko ya juu, ambayo ni wageni waliohamia.

Wenyeji na wageni. Tunajua uzito wa maneno hayo katika Bonde la Ufa. Tuliyasikia mwaka 1992, wakati wa mapigano ya kikabila. Tuliyasikia tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Mwezi wa Januari 2008, hapa Nakuru, majirani waliuana, nyumba zikachomwa, na uwanja wa maonyesho ya kilimo ukajaa mahema ya watu waliokimbia makwao. Katika nchi nzima watu zaidi ya 1,100 walipoteza maisha. Barabarani watu walisimamishwa wakaulizwa swali moja: wewe ni wa wapi? Na jibu likawa ndilo la kufa au kupona.

Tuuulize mgongo swali hilo hilo. Nani ni mwenyeji, nani ni mgeni? Mgongo utajibu kwa kweli, maana neva hazifichi asili ya msuli. Lakini utatuambia na jambo la pili. Mgeni ndiye anayeinua bega na kuvuta mkono. Mwenyeji ndiye anayeushika uti usipinde wakati mkono ukifanya kazi. Mwondoe mgeni, nawe utasimama wima lakini hutaweza kuvuta kamba ya kisimani. Mwondoe mwenyeji, nawe utakuwa na mikono yenye nguvu isiyo na mahali pa kusimamia. Wote wawili hulishwa na moyo mmoja. Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Naye Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorintho, aliwaeleza kwamba mwili una viungo vingi, na hakuna kiungo kinachoweza kukifukuza kingine kwa kusema hakina haja nacho.

Tena Mungu ametupa mfano ulio karibu zaidi. Mwaka 1986 jarida la sayansi liitwalo Nature, la Uingereza, lilichapisha utafiti wa Profesa G. M. O. Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na wenzake wa ng'ambo. Walichunguza akina mama Wajaluo na akina mama Wakikuyu waliozoea kubeba mizigo. Mama Mjaluo hubeba mzigo juu ya kichwa. Mama Mkikuyu huuweka mgongoni, akaushika kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso. Waliwaweka kwenye mashine ya kutembelea, wakapima hewa ya oksijeni waliyotumia. Wakaona ajabu: mpaka mzigo unapofikia sehemu moja kwa tano ya uzito wa mwili, akina mama hao hawakutumia nguvu zaidi kuliko walipotembea mikono mitupu. Juu ya kiasi hicho ndipo gharama ilipoanza kupanda. Na ilikuwa hivyo kwa njia zote mbili, ya kichwani na ya mkanda.

Fikirini jambo hilo. Miaka 22 baadaye watu wa makabila hayo mawili walikuwa wakikimbiana katika mitaa ya mji huu. Lakini shingo zao zilikwisha kupimwa, zikaonekana zimejifunza hekima moja kwa njia mbili.

Hata hivyo tusiuchukue utafiti ule kuwa ruhusa. Kuna watu wakimwona mama ameinama chini ya tita la kuni husema, huyu amezoea. Wanasayansi wale walipima pumzi. Hawakupima maumivu ya kisogo wakati wa usiku, wala hawakuhesabu miaka. Na tufanye hesabu sisi wenyewe. Mama mwenye uzito wa kilo 60, sehemu moja kwa tano ni kilo 12. Debe moja la maji ya lita 20 ni kilo 20, bila kuhesabu uzito wa debe. Amekwisha kupita kipimo kabla hajafika nyumbani. Mzigo wa kichwani hugandamiza pingili zote za shingo. Mkanda wa pajini huvuta kichwa nyuma, na misuli ya mbele ya shingo hupigana nao, huku nguzo zile ndefu za mgongo zikishika kiwiliwili kilichoinama. Wako bibi zetu wenye alama ya mkanda kwenye paji la uso mpaka leo. Mara nyingi neno amezoea husemwa na mtu ambaye hataki kupokea mzigo.

Tulisema tutaurudia msuli uitwao multifidusi. Mwaka 1996 watafiti wa Australia walichapisha habari za watu walioumwa kiuno kwa mara ya kwanza. Maumivu yaliisha baada ya wiki chache, na watu wakarudi kazini. Lakini walipopimwa, msuli ule wa ndani upande ulioumia ulikuwa umesinyaa, na kwa wengi haukurudia unene wake wenyewe hata baada ya maumivu kwisha. Uliwarudia wale waliofundishwa mazoezi madogo madogo ya kuuamsha, wakayafanya kwa utaratibu. Maana yake ni kwamba kutokuumwa si sawa na kupona.

Tarehe 28 Februari 2008 viongozi wetu walitia saini mapatano, na maumivu yakapungua. Watu walirudi sokoni, wakarudi ibadani, wakapanda matatu moja. Tunamshukuru Mungu kwa hayo. Lakini je, msuli wa ndani umerudi? Msuli huo ni ule unaokufanya umpe jirani wa kabila lingine ufunguo wa nyumba yako unaposafiri. Ni ule unaokupeleka matangani kwake bila kualikwa, ukakaa mpaka usiku. Hauonekani siku za amani, kama misuli ya kisogoni isivyoonekana. Siku mzigo mzito unapokuja, kama vile uchaguzi, au njaa, au uvumi wa usiku, ndipo hujulikana kama upo au umesinyaa. Wala haurudi kwa mkutano mmoja mkubwa wenye vipaza sauti. Hurudi kwa mazoezi madogo: salamu, chama cha akina mama, shamba la jirani mgonjwa kulimwa na vijana, debe la maji kupokewa njiani.

Katika Injili ya Luka, mlango wa 13, tunasoma juu ya mama aliyekuwa amepindika mgongo kwa miaka 18, asiweze kujinyosha hata kidogo. Luka mwenyewe alikuwa tabibu, na aliitaja miaka kwa hesabu. Miaka 18 mama yule aliona ardhi na nyayo za watu. Kumtazama mtu usoni ilimpasa ajipinde upande. Hatusomi kwamba aliomba kitu. Yesu ndiye aliyemwona, akamwita, akaweka mikono juu yake, na mara akanyoka, akamtukuza Mungu. Mkuu wa sinagogi alikasirika kwa kuwa ilikuwa siku ya sabato. Bwana akamkumbusha kwamba hata ng'ombe na punda hufunguliwa siku hiyo wapelekwe kunywa maji. Kisha akampa mama yule jina la heshima, binti wa Ibrahimu, mbele ya watu wote.

Sisi wa Nakuru tunawajua punda wanaobeba maji. Jioni mwenye punda humwondolea mitungi, akamwacha apumzike. Basi na tujiulize, katika nyumba zetu ni nani anayemwondolea mama mzigo? Na mama yule wa Injili, kabla ya siku ile, alikuwa wa nani? Watu walikuwa wamezoea kumwona amepindika. Yesu alimtaja kuwa ni wa jamaa.

Kabla hatujaomba, twawapa mashauri machache ya mwili. Gawanyeni mzigo, safari mbili za nusu debe ni afadhali kuliko moja ya kuumia, na baba na vijana wa kiume nao wana shingo. Wenye simu, ziinueni karibu na macho, kwa maana kichwa kikiinama mbele, misuli ya nyuma ya shingo hubeba mara nyingi zaidi. Kinyozi akitaka kukuzungusha shingo kwa nguvu mpaka ilie, mkataze. Kando ya pingili hizo, juu ya atlasi, hupita mishipa ya damu iendayo kwenye ubongo, nayo yaweza kuchanika. Mtu akianguka kutoka bodaboda au mtini na shingo ikamuuma, msimnyanyue ovyo. Acheni kichwa kitulie kama kilivyo, mtafute msaada. Na mtu mwenye maumivu ya shingo au mgongo akiona mikono au miguu inakufa ganzi au kulegea, au anashindwa kuzuia haja, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Ndugu wapendwa, leo utaitikia kwa kichwa mara nyingi, na mara nyingine utakataa. Kila mara misuli midogo iliyofichwa itafanya kazi bila kukudai kitu. Ukipita njiani ukamwona mtu ameinama, wa kabila lako au si wa kabila lako, mpokee mzigo wake hata kwa hatua mia moja. Kufanya hivyo, Paulo aliwafundisha Wagalatia, ndiko kuitimiza sheria ya Kristo.

Na tuombe. Ee Mungu Baba, uliyetuumba kwa ustadi mahali pa siri, twakushukuru kwa shingo na mgongo, kwa mifupa na neva, na kwa kila msuli utendao kazi bila sifa. Uwakumbuke waliopindika leo, wanaolala na maumivu, na wale ambao hawatainuka tena kwa sababu ya ajali au vita. Utupe macho ya kuwaona kabla hawajaomba. Ulinde Bonde la Ufa, wenyeji na wageni, watoto wa Baba mmoja. Katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.